Wazazi Walio Wakristo Waje Mbele

9 Februari

Binti yangu,

Hujambo huko uliko? Mimi sijambo, ukiacha goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio zote zilizoko hapa dukani. Jirani wa mlango wa pili anakusalimu. Bati la jikoni nimeliziba, kwa hiyo usiwe na wasiwasi na nyumba. Wasiwasi wote niachie mimi, sina kazi nyingine jioni.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa kondakta wa basi. Najua unaniona mkaidi, mtu anayetengeneza simu za watu na mwenyewe hana. Lakini kwenye simu huwa una haraka, na ukiandika naona umekaa kitako. Nivumilie hivyo hivyo.

Dukani mambo ni yale yale. Wiki nzima nachomelea nyaya huku redio zinapiga kelele. Moja inasoma matangazo ya vifo, nyingine inauza sabuni, ya tatu inakoroma tu kwa sababu spika imechanika. Jumapili ikifika nakwenda mkutanoni kwetu kukaa kimya, na masikio yangu yanashukuru kabla hata ya roho. Watu bado wanatuita Wanyamavu, wakidhani wanatutukana. Tumebaki wanne: mimi, Mwalimu mstaafu, Mama Mkaa na Mzee Nini. Mzee Nini sasa hasikii kabisa, ila ibada yetu ndiyo pekee isiyompunja. Mama Mkaa anasinzia, Mwalimu anajifanya haoni. Mahali alipokuwa akikaa marehemu mama yako pale kwenye benchi hapakaliwi na mtu, ingawa hakuna aliyekataza.

Sasa nakuuliza tena lile swali uliloliruka. Umewapata watu wetu huko? Mji mkubwa namna hiyo hauwezi kukosa watu wawili watatu wanaojua kunyamaza. Usikae peke yako, mwanangu. Mtu akikaa peke yake sana huanza kujibizana na sufuria. Mimi nimeshaanza.

Baba yako,
Fundi


2 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini goti limetulia na sufuria hazikujibu vibaya. Mimi ni mzima wa mwili. Kazi naiweza. Chumba cha kufulia kiko chini kabisa ya hospitali, hakina dirisha, na mashuka yanashuka kwa mikokoteni toka wodini bila kukoma. Mimi niko kwenye roli ya kunyooshea: mmoja anaingiza shuka upande huu, mwingine analipokea upande ule likiwa moto. Mashine zinanguruma, kwa hiyo hamwezi kuongea, mnapungiana mikono tu. Nikitoka narudi kwenye nyumba ya wapangaji, ambako kila mtu ana rafu yake jikoni na kila rafu ina kufuli.

Watu wetu sijawapata. Nimeuliza hapa na pale, nikaona watu wanatazamana. Baba, wacha nikwambie ukweli. Kuna wiki zilipita bila mtu kunisemesha neno lisilohusu mashuka. Jumapili nilikuwa nakaa kitandani, nafumba macho, nanyamaza kama mlivyonifundisha. Lakini kunyamaza peke yangu katika chumba kile hakukuwa ibada, kulikuwa kunyamaza tu.

Basi mwenzangu wa upande wa pili wa roli, tunamwita Dada Pasi, akanichukua kanisani kwao. Lilikuwa ghala la saruji zamani, sasa lina viti vya plastiki na vipaza sauti ambavyo ungevikimbia. Wanaimba mpaka mabati yanatetemeka. Sikujua hata wimbo mmoja, nikapiga makofi. Baada ya ibada wageni tukapelekwa kwenye meza. Mama wa mapokezi akaniuliza, "Wewe ni Mkristo?" Nikamwambia ndiyo, tangu tumboni. "Ulibatizwa wapi?" Nikaeleza kwamba sisi hatubatizi kwa maji, wala hatuna mkate na kikombe, sisi tunakaa kimya mpaka Roho amguse mtu asimame aseme, na asipomgusa mtu tunapeana mikono tunakwenda nyumbani. Akanishika mkono, kwa upole kabisa, akasema, "Karibu mwanangu. Basi wewe tutaanza mwanzo."

Nikawekwa darasa la wanaoanza. Kuna mwenzangu ambaye hajawahi kushika Biblia, aliuliza inafunguliwa upande upi. Nimekaa naye benchi moja, mimi niliyesomeshwa na Mama kitabu hicho hicho mpaka jalada likang'oka.

Kuna jambo jingine pia, nalo nalisema kwa aibu kidogo. Dereva wa gari la wagonjwa, yule anayetuletea mashuka ya garini, amekuwa akinisalimia. Yeye ni wa kanisa hilo hilo. Ni mtu mtulivu.

Baba, sisi ni nani hasa? Nieleze kama unavyomweleza mtu mzima.

Mwanao


15 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Nimepata barua, nimeisoma, nimeiweka, nimeunguza redio ya mteja, nimeisoma tena. Afya ni nzuri. Moyo ndio haujatulia, kwa hiyo usishangae mwandiko.

Umetaka nikueleze kama mtu mzima. Haya. Wazee wetu hawakuyachukia maji. Walisema hivi: kinachomsafisha mtu hakionekani, na kisichoonekana hakihitaji ndoo. Maji ni ya kuoga na ya kufulia hayo mashuka yako. Mtu anakuwa Mkristo ndani, na watu wanamjua kwa anavyopima unga na anavyolipa vibarua. Mimi sijawahi kumwita mchungaji wako mpagani. Anaimba kwa kelele, sawa, Mungu si kiziwi lakini labda anapenda. Yeye ni nani wa kusema mimi bado sijaanza?

Na huyo mama wa mapokezi, muulize hivi kwa niaba yangu. Mama yako alilala hospitali miezi ile yote akiwaombea mpaka wauguzi waliomfokea. Tulimzika kwa ukimya wetu, bila tone la maji. Yeye naye hakuwa Mkristo? Tukamzike upya?

Wewe uliketi kwenye meza ile ukaambiwa hujaanza, ukakubali kwenda darasani. Hilo ndilo lililoniuma. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Nimeandika na sifuti.

Kuhusu dereva: mtu anayebeba wagonjwa lazima awe na mkono mtulivu. Hilo namhesabia.

Baba yako


20 Julai

Shikamoo Baba,

U mzima? Mvua zilipiga sana huko, nilisikia, nikawaza bati. Nimenyamaza muda mrefu, na si kwa ule unyamavu wetu mzuri. Barua yako niliibeba mfukoni mwa aproni mpaka ikafuliwa pamoja na aproni. Neno "mtumwa" halikutoka.

Nitakwambia bila kuzunguka. Maji nimeyavulia nguo, Baba, na nimeyaoga. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano nilibatizwa. Ni tangi la bati nyuma ya ghala, lina ngazi ya mbao. Maji yalikuwa baridi na yalinuka dawa kama ya kazini kwetu, nikakaribia kucheka. Mchungaji akanizamisha, akaniinua. Sikuona nuru wala sikusikia sauti. Lakini nilipotoka Dada Pasi alinikumbatia nikiwa nimelowa chepechepe, akaja mwingine, akaja mwingine, watu nisiowajua, wote wakalowa kwa ajili yangu. Tangu siku uliponisindikiza kituo cha basi hakuna mtu aliyekuwa amenikumbatia. Nililia, wakasema ni Roho. Labda ilikuwa Roho kweli. Mimi ninachojua ni kwamba nilikuwa nimechoka kuwa peke yangu.

Kama huko ndiko kukataa kwetu, nihukumu. Lakini sikumkataa Mama. Wala wewe.

Sasa jambo la furaha. Dereva ameniomba, nami nimekubali. Wajomba zake watakuja kwako mwezi ujao wakuone kwa heshima zote. Ndoa ni mwanzo wa mwezi wa kumi, hapa kanisani.

Kanisa hili lina desturi moja. Baada ya viapo, mchungaji anawaita wazazi mbele, wanaweka mikono juu ya vichwa vya maharusi na kuwaombea mbele ya watu wote. Hiyo ndiyo ndoa yenyewe, ukiwauliza wao. Cheti na pete ni nyongeza. Ila anayeweka mkono lazima awe amebatizwa kwa maji mengi. Nimeomba, nimebembeleza, Dereva naye ameomba. Mchungaji si mtu mbaya, lakini hapo hasogei.

Nataka mkono wako, Baba, si wa mtu mwingine. Njoo siku moja kabla. Lile tangi liko pale. Mwenyewe uliniambia maji ni ya kuoga tu. Kama ni ya kuoga, basi oga, mara moja, kwa ajili yangu.

Mwanao


1 Agosti

Binti yangu,

Marahaba, na hongera. Natangulia na hongera ili hata ukiichana barua katikati uwe umeshaipata. Wajomba wa Dereva wameshafika, mapema kuliko ulivyosema, watu wa heshima, mmoja alinisaidia kushikilia tochi nilipokuwa natafuta skrubu chini ya meza. Nimewakubalia.

Sikujua kama tangu siku ile ya kituo cha basi hujakumbatiwa. Ningelijua nisingeandika lile neno. Sasa nalifuta.

Umenishika pabaya na maneno yangu mwenyewe, na nilicheka, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akinishika mama yako. Nimekaa nalo siku nyingi. Jibu ni hapana, mwanangu, na sababu usiichukue kwamba ni kiburi, ingawa kiburi kipo.

Watu wako wanaamini maji yale ni kitu kikubwa. Mimi siamini. Nikiingia ili nipewe ruhusa tu ya kupanda mbele, nitakuwa nimewachezea watu waliokukumbatia. Wale walilowa kwa kweli, mimi nitalowa kwa uongo. Halafu mchungaji ataniinua na watu watapiga makofi kwamba leo mzee amekuwa Mkristo, nami nitakuwa nimekiri mbele yao kwamba mama yako alikufa akiwa hajawa. Hilo mkono wangu hauwezi.

Sasa nami nina langu la kukwambia, na si zuri. Sheria yetu unaijua: aliyekwenda majini ametuaga, haitwi tena mwenzetu. Mwalimu alisikia habari zako akaleta jambo mkutanoni. Sisi hatupigi kura. Tunakaa nalo mpaka wote tuwe na neno moja, na akisita hata mmoja, jambo linasimama. Mwalimu alikubali uondolewe. Mama Mkaa alilia, akakubali. Mzee Nini aliandikiwa kwenye karatasi, akasoma, akasema "Nini?", akaandikiwa tena kwa herufi kubwa, naye akatikisa kichwa kukubali. Kisha wote wakanitazama mimi.

Sikusema kitu. Jambo limesimama, nao wanasubiri nitulie.

Kwa hiyo angalia tulipofika. Huko kwako mimi si Mkristo, na huku kwangu wewe si mwenzetu. Mimi na wewe tuliokula sahani moja. Naogopa, binti yangu. Siogopi kuzimu, naogopa siku utakapoombewa mbele za watu na mimi nihesabiwe kama mpita njia.

Nitakuja. Nitakaa kiti chochote watakachonipa.

Baba yako


18 Agosti

Shikamoo Baba,

Asante kwa kuja. Nimeisoma hiyo sentensi mara nyingi kuliko zile nyingine. Sisi wazima, Dereva amepata mafua tu, anajifanya anakufa.

Hapana yako nimeielewa. Sijaipenda, ila nimeielewa, na sitakuomba tena.

Kuhusu mkutano, wakubalie, Baba. Waache waniondoe. Mimi sasa nina watu wa kunipigia hodi, wewe una hao watatu tu. Usigombane nao kwa ajili yangu. Jumapili utakwenda wapi wakikukasirikia?

Umetengewa kiti safu ya kwanza, upande wa kulia. Dereva mwenyewe atakupokea kituoni. Vaa koti la kijivu, nimelionea wivu tangu mdogo. Watakapoitwa wazazi waliobatizwa, wewe kaa tu, mama wa mapokezi ataweka mkono kwa upande wetu. Nitakuwa nakuona toka pale mbele. Hilo litanitosha, nitalifanya linitoshe.

Mwanao


14 Oktoba

Shikamoo Baba,

Ulifika salama? Nimemuuliza kondakta, anasema ulikaa kiti cha nyuma na hukusema neno njia nzima. Goti je? Safari ilikuwa ndefu na hukula.

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia pale pale. Mchungaji hakusema "waliobatizwa". Alishika kipaza sauti akasema, "Wazazi walio Wakristo waje mbele." Mama yake Dereva akainuka, mjomba wake akainuka, nikakuona na wewe unainuka. Ulifunga kifungo cha koti. Ulitembea kama mtu aliyeitwa, taratibu kwa sababu ya goti, na watu walikupisha. Kwa dakika ile nilifurahi, nakuapia. Nilisahau kila kitu, niliona baba yangu anakuja.

Halafu mchungaji akainama, akafunika kipaza sauti kwa kiganja, lakini mimi nilisikia. "Mzee wangu, samahani, rudi ukakae." Hukubishana. Ulinitazama mimi.

Nilitakiwa kusema jambo dogo tu. Huyu ni baba yangu, naye ni Mkristo. Ningesema, na yote mengine wangeyamaliza wenyewe. Dereva alinibana mkono, alitaka kusema yeye, nami nikambana kumzuia. Kanisa zima lilikuwa linatutazama, na niliwaogopa, Baba, niliogopa wasije wakaniacha. Nikainamisha kichwa kana kwamba naomba. Nikaona viatu vyako vinageuka.

Mkono ukawekwa kichwani mwangu. Ulikuwa mlaini, una manukato. Sikusikia hata neno moja la maombi yale. Nilipoinua kichwa kiti chako kilikuwa kitupu, na wakati wa chakula nilikutafuta mpaka nje barabarani nikiwa na gauni.

Nimekukana mbele za watu. Sina jina jingine la kuliita. Nisamehe.

Mwanao


6 Desemba

Shikamoo Baba,

Natumaini uko salama. Hujaandika. Kondakta anasema duka lilifungwa kwa muda kisha likafunguliwa, kwa hiyo najua upo. Anasema redio zinalia kama kawaida.

Dereva anataka tuje tupige magoti mlangoni. Nimemwambia tusimwendee mtu ambaye hajatuita. Kanisani naenda, naimba. Wananiuliza mbona siku hizi sipigi makofi.

Andika neno moja, Baba, hata "nimepata". Hata ukinitukana nitafurahi kuona mwandiko.

Mwanao


11 Januari

Binti yangu,

Marahaba. Nimepata. Zote mbili. Goti halijambo, macho ndiyo yanaanza kunidanganya kwenye nyaya nyembamba. Mwambie Dereva yale mafua yaliyokuwa yanamwua hayakuacha alama, maana kituoni alinibebea begi kama si yeye.

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira hasara, nisingeandika jambo la maana. Sikusimama pale ili nikuharibie siku. Uliniambia wataitwa waliobatizwa, nami nilijiandaa kukaa. Kisha nikasikia wanaitwa wazazi walio Wakristo. Nikasema moyoni, ndiye mimi. Miguu ilishaondoka kabla sijafikiri. Ningekaa pale kitini, ningekuwa nimekubaliana nao. Kurudi nyuma mbele ya watu wote kulikuwa kugumu, lakini si kugumu kama kukiona kichwa chako kilichosukwa vizuri kimeinama. Imeniuma sana, mwanangu. Sikufichi. Bado inauma nikiwa naandika.

Niliporudi, habari ilikuwa imeshafika kabla yangu. Mwalimu akaleta tena lile jambo lako. Akasema kwa upole, "Fundi, sasa ni rahisi. Umeona mwenyewe. Kakukana." Mama Mkaa safari hii hakulia. Tukakaa. Nililitafuta neno la kukubali, na lilikuwa karibu. Ningesema tu "sawa" tungepeana mikono, ningebaki na watu wangu wa Jumapili, na wewe ungebaki na wako. Jua liliingia dirishani likatupita sote tukiwa vile vile.

Unajua mimi si msemaji mkutanoni. Tangu mama yako afariki sijawahi kusimama. Siku ile nikasimama. Nikasema, "Huyu ni wetu." Wakangoja nieleze. Nikarudia, nikakaa.

Mwalimu akasema mkutano usioweza kushika sheria yake si mkutano tena. Hakusema kwa ubaya, alisema kwa huzuni, ni mtu mkweli. Jumapili iliyofuata yeye na Mama Mkaa walikwenda kwa wenzetu wa ng'ambo ya bonde, ambako mimi na goti langu hatufiki. Mzee Nini alihamishwa na mjukuu wake, na sidhani kama kuna aliyemwandikia kwa nini. Nimebaki mimi. Nafungua, nafagia, nakaa, nafunga. Kanisa la jirani wamenikaribisha, na wao pia wana tangi.

Wazee walituambia mtu mmoja akinyamaza huo ni upweke, wakinyamaza wawili huo ni mkutano. Nimeujaribu upweke, nimeshaujua vya kutosha.

Msamaha nimekupa siku nyingi, ulikuwa umekaa tu hapa mezani ukingoja mtu wa kuuandika. Sikuombi uache watu wako. Usiwaache, wanakuimbia na wanakukumbatia, na mimi niko mbali. Nakuomba hivi tu. Jumapili saa tatu asubuhi, kabla wenzako hawajaanza kuimba, nyamaza kidogo. Mimi nitakuwa nimekaa. Usipoweza, nitakaa hivyo hivyo.

Baba yako


26 Januari

Shikamoo Baba,

Natumaini macho yamepumzika. Sisi wazima.

Jumapili hii nilikuwa zamu, si kanisani. Ilipofika saa tatu nikazima roli. Aliyekuwa kwenye mashine za kufua akadhani umeme umekatika, akazima na yeye. Dada Pasi akazunguka akaja upande wangu, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia niko ibadani na baba yangu. Akasema, "Yule mzee wa siku ya harusi? Yule ambaye si Mkristo?"

Nikasema, "Yule ni baba yangu. Ni Mkristo." Mashine zote zilikuwa zimezimwa, Baba, na chumba kile hakina dirisha. Kila mtu alisikia. Dada Pasi akarudi upande wake akasimama, sijui kwa hasira au kwa heshima. Atalifikisha kanisani, najua. Wacha alifikishe.

Nikakaa juu ya furushi la mashuka, nikafumba macho. Sikujua kama umeshaanza au bado unafagia. Nikakusubiri.

Binti yako